Leseni ya Pombe na Malezi ya Watoto

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliweka leseni za vileo mikononi mwa serikali za kaunti. Sheria ya vileo ya mwaka uo huo ilikataza baa kuwekwa chini ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Tena siku za kazi, baa za kawaida zisifunguliwe kabla ya saa 11 jioni, wala zisipite saa 5 usiku. Agizo ni jema, lakini sheria haina miguu. Wazazi, haitoshi kunung'unika nyumbani. Yatupasa twende pamoja kwa wenye kutoa leseni, tuseme wazi. Ada ya leseni huingia katika hazina ya kaunti. Hasara ya ulevi huingia nyumbani mwetu.