Klachi ya Vespa yangu imekuwa nzito

SWALI: Nina Vespa ya zamani, ya gia za mkononi. Klachi imekuwa nzito hadi vidole vinauma nikiwa kwenye foleni. Fundi anataka kufungua injini. Nikubali?

JIBU: Usikubali bado. Kwanza zima injini, kisha legeza waya wa klachi kule chini, kwenye mkono mdogo wa injini. Sasa vuta klachi ya usukani. Ikiwa bado nzito, ugonjwa uko juu: waya umeota kutu, nyuzi zake zimeanza kukatika, au ganda lake limekunjwa mno ndani ya usukani. Badilisha waya pamoja na ganda, na uupake grisi kabla ya kuupitisha. Skrubu inayoshika klachi kwenye usukani nayo itie oili.

Ikiwa imekuwa nyepesi, zungusha ule mkono wa injini. Ukikwama, usafishe na kuutia grisi. Ukizunguka vizuri, hapo ndipo fundi akague springi na kipande cha kusukuma klachi.

Ukimaliza, acha ulegevu wa milimita 2 hivi kwenye klachi ya usukani. Waya ulioanza kukatika usiuendeshee hata siku moja.