MTUNGI WA GESI JIKONI: TUUJUE, TUUTUNZE

Familia nyingi za Ngara na Biharamulo bado hupika kwa kuni na mkaa. Moshi huumiza mapafu, na huwaongezea watoto wadogo hatari ya nimonia. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kwa wengi, nishati hiyo ni mtungi wa gesi. Basi, tujifunze kukaa nao salama.

Ndani ya mtungi, gesi imeshindiliwa mpaka ikawa maji, nayo husukuma kuta muda wote. Mtungi tuliouzoea ni wa chuma: ni imara, lakini ni mzito na hupata kutu.

Upo pia mtungi wa plastiki na nyuzi za kioo, unaotengenezwa katika nchi kama Norwei. Plastiki ya ndani huzuia gesi isitoke. Juu yake huzungushwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Hizo ndizo zinazobeba msukumo. Nje kuna ganda la kuukinga. Uzito wake ni kama nusu ya ule wa chuma, haupati kutu, na ukiumulika unaona gesi iliyobaki. Ukizingirwa na moto, ukuta huyeyuka na gesi huvuja ikiungua, badala ya mtungi kupasuka kwa kishindo. Lakini nyuzi zikikatika, nguvu imekwisha, usitumike tena.

Uwe wa chuma au wa plastiki, tuzingatie haya:

1. Mtungi usimame wima, mbali na moto na jua kali.

2. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Tukisikia harufu yake, tusiwashe kiberiti wala taa. Tufunge mtungi, tufungue milango na madirisha, tuwatoe watoto nje.

3. Tupime uvujaji kwa povu la sabuni, kamwe si kwa njiti ya kiberiti.

4. Tusijaziwe gesi kienyeji kutoka mtungi mwingine. Ndani huachwa nafasi kwa sababu gesi hutanuka kwa joto; ukijazwa pomoni, nafasi hiyo haipo.

5. Mpira uliochakaa ubadilishwe mara moja.

Tuwafundishe haya watoto wakubwa na wasaidizi wa nyumbani, kwani mara nyingi ndio wanaowasha jiko sisi tukiwa shambani.