MASIKA YA MLIMANI: MVUA, UPEPO NA THELUJI YA KIBO
Somo kwa wakulima wa miteremko ya Kilimanjaro

Mkulima, wewe unayelima katika miteremko ya Kilimanjaro umekwisha kuona jambo hili mara nyingi. Usiku kucha mvua imepiga juu ya bati na upepo umevuma migombani. Asubuhi mawingu yanafunguka kidogo. Unatazama juu, unaona Kibo kimekuwa cheupe kuliko jana, hata miamba ya Mawenzi imepata theluji. Watoto hufurahi. Lakini ukishuka shambani unakuta maji ya mfongo yamekuwa mekundu kama tofali. Wekundu ule ni udongo wako, nao unakwenda kwa watu wengine wala hautarudi.

Katika somo hili tutatazama dhoruba za masika hutoka wapi, kisha tutaona kazi za kufanya kabla ya dhoruba, wakati wa dhoruba na baada yake.

1. Dhoruba hizi hutoka wapi?

Katika mwezi wa Machi jua hupita juu ya ikweta likielekea kaskazini, na ukanda wa mvua hulifuata. Upepo wa kaskazi hulegea, na upepo wa kusi huanza kuvuma kutoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu mwingi. Upepo huo ukifika Kilimanjaro haupati njia ya kupita, hivyo hupanda. Kila unapopanda hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kushika unyevu wote, basi mvua hunyesha. Ndiyo sababu upande wa kusi, yaani Machame, Kibosho na Marangu, hupata mvua nyingi, na upande wa kaskazini wa mlima ni mkavu.

Theluji nayo ni mvua ile ile. Hewa hupungua joto kiasi cha digrii 6 kila unapopanda meta 1,000. Ikiwa kihamba chako kiko meta 1,400 na joto ni digrii 20, basi ukifika meta 4,700 joto litakuwa karibu na sifuri. Kilele cha Kibo kiko meta 5,895. Kwa hiyo wingu moja laweza kukumwagia mvua wewe na kumwaga theluji kule juu kwa saa ile ile. Ukiona Kibo kimekuwa cheupe sana katika Aprili, ujue kwamba mawingu mazito yamefika, na udongo wa kihamba chako umekwisha kushiba maji. Mvua ifuatayo haitapata mahali pa kuingia, itakimbia juu ya ardhi.

2. Maji ya mfongo si maji ya theluji

Wakulima wengi hudhani kwamba mito na mifongo yetu hulishwa na theluji ya Kibo. Sivyo ilivyo. Theluji mpya hukaa siku chache tu, na nyingi hupotea hewani kwa jua na upepo. Barafu ya zamani nayo imepungua: mwaka 1912 ilienea zaidi ya kilometa za mraba 11, na mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Maji mengi tunayotumia hutokana na mvua inyeshayo katika msitu ulio juu ya vihamba. Msitu huo hupokea mvua ya masika, huinywesha ardhi pole pole, na ardhi huitoa katika chemchemi wakati wa kiangazi.

Basi mtu akikata miti ya msitu, au akilima ukingoni mwa mto, huleta hasara mbili. Wakati wa masika maji huja kwa nguvu na kubomoa. Wakati wa kiangazi mfongo hukauka. Msitu wa mlima ulitiwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli zenye kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Usiione sheria hiyo kuwa adui wa mkulima. Ni ulinzi wa maji yako mwenyewe.

3. Mvua ina uzito gani?

Tufanye hesabu. Mvua ya milimeta 1 juu ya meta moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Ekari moja ina meta za mraba zipatazo 4,000. Mvua ya milimeta 50, ambayo wakati wa masika yaweza kunyesha katika usiku mmoja, itamwaga lita 200,000 katika ekari moja. Hizo ni tani 200. Maji hayo yakiingia ardhini ni mali. Yakiteremka kwa kasi huchukua kwanza udongo wa juu, ule mweusi wenye samadi na mbolea, kisha huchimba makorongo.

Niliwahi kutembelea wakulima wawili waliopakana katika mteremko mmoja. Wa kwanza alilima mistari ya mahindi kushuka na mteremko, maana aliona ni kazi nyepesi. Jirani yake alilima kukata mteremko, akapanda majani ya kuzuia maji. Baada ya dhoruba moja ya Aprili, yule wa kwanza alikuta mahindi yake yamelala chini ya matope katika bonde, pamoja na mbolea aliyoinunua kwa fedha za ada ya mtoto. Mahindi ya jirani yalikuwa yamesimama. Mvua ilikuwa moja, udongo mmoja, mbegu moja. Tofauti ilikuwa jembe lilielekea wapi.

4. Kazi za kufanya kabla ya mvua

Kuzuia udongo. Lima na panda kwa kufuata kontua, yaani mistari inayokata mteremko katika usawa mmoja. Kupima kontua hakuhitaji chombo cha fedha nyingi. Chukua miti miwili ya meta 2, ifunge juu ipate umbo la herufi A, kisha funga mti wa tatu katikati kuwa mshikizo. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka juu. Simamisha chombo, tia alama mahali kamba inapogusa mshikizo. Kisha geuza miguu ishike nafasi za kila mmoja, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea nacho shambani, na kila kamba ikitulia katikati, piga mambo penye miguu.

Juu ya mstari huo chimba matuta ya fanya juu: mtaro wenye upana wa sentimeta 60 na kina cha sentimeta 60, udongo ukitupwa upande wa juu. Juu ya tuta panda mabingobingo au majani ya Guatemala. Yatashika udongo na kulisha ng'ombe wako. Mteremko ukiwa mkali, matuta yakaribiane. Mahali palipo pakali mno usilime mahindi kabisa. Panda miti au majani ya malisho.

Katika kihamba wazee wetu walituachia mpango mzuri: mringaringa na mfuruanje juu, migomba chini yake, kisha kahawa, na masale mipakani. Matone ya mvua huvunjwa nguvu mara tatu kabla ya kugusa ardhi. Usiung'oe mpango huo. Tandaza majani makavu ya migomba chini ya kahawa, lakini yasigusane na shina.

Mifongo na mitaro. Safisheni mifongo kwa pamoja kabla ya Machi, na kutengeneza vizuizi vya kufungia maji. Mfongo ulioziba hufurika na kubomoa kihamba cha aliye chini. Usielekeze maji ya bati lako kwa jirani. Yachimbie shimo au yaweke katika pipa.

Migomba. Upepo huangusha kwanza mgomba wenye mkungu mzito na mizizi dhaifu. Katika kila shina acha migomba mitatu: mama, mtoto na mjukuu. Ondoa mingine. Tegemeza mgomba wenye mkungu kwa mti wenye panda, ukielekea upande mgomba ulikoinamia. Mgomba uking'oka pamoja na mizizi yake bila upepo mkali, chunguza tunguu lake. Ukiona matundu meusi, ni kazi ya fukusi. Unapopanda upya tumia miche safi, kwa kuwa miche yenye fukusi itakuangukia masika ijayo.

Kahawa. Unyevu wa masika huleta kutu ya majani na chulebuni. Kutu huonekana kama unga wa rangi ya chungwa chini ya jani. Chulebuni huozesha buni changa zikawa nyeusi. Pogoa matawi yaliyosongamana ili hewa ipite. Piga dawa ya shaba kabla mvua haijaanza, ukilenga chini ya majani, na rudia kwa kipimo na siku zilizoandikwa kwenye kibandiko. Anayengoja kuuona ugonjwa ndipo apige dawa amechelewa. Kama unapanda kahawa mpya, ulizia miche ya aina zinazostahimili magonjwa hayo kutoka kituo cha utafiti cha Lyamungu.

5. Wakati wa mvua

Usiingie katika shamba la maharage likiwa limelowa, maana nguo na miguu yako huchukua ugonjwa kutoka mmea hata mmea. Usilime udongo uliolowa mno. Utashikamana na kuwa mgumu. Usiweke mbolea ya chumvichumvi kukiwa na wingu la dhoruba. Ngoja mvua kubwa ipite na udongo ukiwa na unyevu wa kadiri, ndipo uiweke na kuifukia.

Radi ikipiga, usijikinge chini ya mti wala usishike jembe. Tena, chunguza mteremko ulio juu ya nyumba yako. Ukiona ufa mpya katika ardhi, miti imeinama ghafula, au chemchemi imetoka mahali pasipokuwa na maji, hama usiku huo huo pamoja na jamaa yako, ukawaarifu majirani na mwenyekiti wa kitongoji. Katika Novemba 2009, wakati wa mvua za vuli, maporomoko ya ardhi katika milima ya Upare, wilaya ya Same, yaliua watu zaidi ya 20. Shamba hulimwa tena. Mtu akifukiwa ndio mwisho.

6. Baada ya dhoruba

Zunguka shamba lote kabla ya kuanza kazi yoyote. Tazama maji yamevunja tuta mahali gani, uzibe siku ile ile. Ufa wa leo wa upana wa mkono utakuwa korongo kabla ya Mei kwisha. Mgomba ulioanguka, kata mkungu ikiwa ndizi zimekomaa. Shina lipasue vipande. Vingine wape ng'ombe, vingine uvitandaze vikauke, maana fukusi hupenda kutaga katika shina bichi lililolala. Matawi ya kahawa yaliyovunjwa na migomba, yakate vizuri kwa mkasi. Mahindi machanga yaliyolala mara nyingi huinuka yenyewe. Usiyang'oe kwa haraka, ila yainulie udongo kwenye mizizi.

Kila mwaka, kabla ya masika, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua. Sikiliza redio, kisha mwulize Bwana Shamba wako maana yake kwa kijiji chako. Mvua hatuwezi kuizuia, wala hatutaki izuiwe, kwa kuwa ndiyo chakula chetu. Kazi yetu ni kuifundisha kutembea polepole.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini theluji huanguka Kibo na mvua huanguka kihambani katika saa ile ile?
2. Maji ya mfongo wenu hutoka wapi, na ni nani anayeyalinda?
3. Shamba lako ni ekari ngapi? Mvua ya milimeta 30 italimwagia lita ngapi?
4. Katika kijiji chenu, ni nyumba zipi zilizo chini ya mteremko wa hatari? Nani atakwenda kuwaambia wenyewe kabla ya masika?