Kichwa chako kinashika nini? Anzia hapo

Wauzaji wenzangu, leo naongelea kusahau oda, maana mimi imenigharimu.

Mwaka jana dada mmoja wa Mbeya aliniagiza doti mbili za kanga za zambarau kwa sherehe ya mdogo wake. Siku hiyo nilikuwa na oda tisa, zote nimezisoma kwenye simu huku naosha vyombo, nikajiambia nitakumbuka. Nikapakia za kijani. Mzigo umefika jioni, sherehe kesho yake asubuhi! Nikamrudishia 28,000 yake, nauli ya basi nayo ikawa juu yangu. Yule dada hajaagiza tena mpaka leo.

Nikajiona sina akili, kama enzi zile tarehe za historia zilipokuwa hazikai kichwani. Mama akacheka: "Mbona njia hupotei?" Kweli bwana. Huku Kisiba vinjia vya kwenye migomba vinafanana, mgeni anazunguka mpaka jioni, ila mimi nikipita mara moja tu imetosha.

Basi nikaanza kuzipanga oda njiani. Natoka nyumbani kwenda barabarani kichwani: mlangoni namuweka mteja wa kwanza amejifunga kanga yake, kwenye mti wa parachichi wa pili, kisimani wa tatu anateka maji na kitenge begani. Wakati wa kupakia natembea tena njia ileile. Sikuigundua mimi, wahutubiaji wa Roma ya kale walikariri hotuba hivyohivyo.

Lakini usiige njia yangu kama huna kichwa cha njia. Rafiki yangu anauza viatu vya mtumba, yeye anashika sauti. Anawaomba wateja watume oda kwa sauti, na akifika kwenye rundo anasema anamsikia mtu akitaja namba 38. Mama yangu anawajua wadeni wa ndizi kwa sehemu waliyosimama. Angalia unachokumbuka bila kujilazimisha: sura, nyimbo, rangi, ukoo wa mtu. Mteja mpya mfunge hapo.

Jambo lingine ni muda. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaandika matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ilipotea ndani ya saa za mwanzo tu. Kwa hiyo usisubiri kesho. Nikimaliza kupokea oda nafunga simu, nazitaja zote kwa mdomo, ndipo nafungua kuhakiki. Niliyoikosea naitaja tena kabla ya kulala. Kusomasoma meseji kunakudanganya, unaona umeshika kumbe macho tu yamezoea.

Hela sasa, hapana. Nani kalipa, nani kabakiza ngapi, hiyo inaingia kwenye daftari palepale, hata kama mikono ina povu.