Afya Yako: Bangili Inayopima Pombe

Pombe unayokunywa huingia katika damu na kuenea mwilini. Ini huiondoa polepole. Kahawa au kuoga maji baridi hakuharakishi kazi hiyo. Sehemu ndogo hutoka kwa pumzi na jasho.

Huko Marekani, mahakama hutumia elimu hiyo. Mwaka 2005 jimbo la South Dakota lilianza mpango kwa madereva waliorudia kosa la kuendesha gari wakiwa wamelewa. Dereva huendelea kuishi nyumbani na kufanya kazi, ila haruhusiwi kunywa kabisa. Hupimwa pumzi asubuhi na jioni. Anayeishi mbali na kituo huweza kufungwa bangili kifundoni mwa mguu. Bangili hiyo hupima jasho kila nusu saa, usiku na mchana.

Akigunduliwa amekunywa, hulala rumande usiku mmoja au miwili. Adhabu ni fupi, lakini huja haraka na haikosi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kuwa madereva waliokamatwa tena kwa ulevi walipungua kwa asilimia 12 katika wilaya zenye mpango huo. Waliokamatwa kwa ugomvi wa nyumbani walipungua kwa asilimia 9.

Kumbuka, bangili hupima tu, haitibu. Mlevi wa siku nyingi anayetetemeka akikosa pombe asiache ghafla peke yake, aende zahanati.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini kahawa haimfai dereva mlevi?
2. Adhabu fupi isiyokosa na adhabu kali ya nadra, ipi humzuia mtu zaidi?