Ndururu kwa Laki Tatu? Soma Hii Kabla ya Kutuma "Ada"

"Tunanunua sarafu za zamani. Ndururu yenye tundu, laki 3. Arobaini ya Kibaki, laki 5. Tuma picha sasa." Huenda umeona tangazo la aina hii kwenye Facebook au kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wenu. Na kama uko Kitengela, Isinya au Kajiado mjini, huenda pia nyumbani kuna kopo la sarafu alizoacha babu. Unatuma picha. Jibu linakuja haraka: sarafu yako ni adimu, mnunuzi yuko Nairobi, pesa ziko tayari. Kimebaki kitu kidogo tu, ada ya usajili, tuseme shilingi 2,500, itumwe kwa namba hii. Ukituma, inazaliwa ada ya cheti. Halafu bima. Halafu simu haishikwi tena.

Dawa ya mchezo huu ni kujua ulichoshika mkononi. Kwa hivyo tumwage hilo kopo mezani.

Ukikuta rupia, hiyo ndiyo pesa iliyotumika hapa kabla ya shilingi. Reli ya kutoka Konza kwenda Magadi, ile inayopita Kajiado, ilijengwa watu wakihesabu mishahara kwa rupia. Ya kuangaliwa kwa makini zaidi ni ile ya mwaka 1888 yenye neno Mombasa na picha ya mizani, iliyotolewa na kampuni ya Waingereza iliyotawala huku kabla ya serikali yao kuchukua usukani. Wakusanyaji huitafuta hasa. Baada ya rupia ikaja florini mwaka 1920, haikukaa, na mwaka 1921 tukapata shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima.

Sarafu za tundu ndizo nyingi zaidi. Senti 5 (ndururu yenyewe) na senti 10 zina pembe za ndovu pande mbili za tundu, na tundu lilikusaidia kuzitunga kwenye kamba usizipoteze. Kati ya hizo kuna ya mwaka 1936 yenye jina la Mfalme Edward VIII, na hapa ndipo matapeli hupata hadithi tamu. Ni kweli Edward alikuwa mfalme kwa chini ya mwaka mmoja, akaachia kiti bila hata kutawazwa. Ni kweli pia kwamba ni nchi chache zilizotoa sarafu zenye jina lake. Lakini sarafu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, jina tu, kwa hivyo zilipigwa mapema, tena kwa mamilioni. Hadithi ni adimu, sarafu yenyewe si adimu.

Hata miaka mingi haileti bei kubwa yenyewe. Tazama Roma ya kale. Mfalme Constantine alitawala kuanzia mwaka 306 hadi 337, na vishaba vidogo vya enzi zake vilitengenezwa vingi mno hata leo, baada ya miaka 1,700, unaweza kununua kimoja cha kawaida Ulaya kwa chini ya dola 30. Kama sarafu ya Constantine inauzwa hivyo, ndururu ya 1936 itapataje laki tatu?

Roma inatufundisha jambo lingine, nalo ni madini. Dinari ya Warumi ilianza ikiwa karibu fedha tupu. Mwaka 64 Nero akapunguza fedha, wafalme waliomfuata wakaendelea kupunguza wakitafuta mishahara ya wanajeshi, hadi kufikia mwaka 270 hivi sarafu yao kuu ilikuwa shaba iliyopakwa fedha kidogo juu. Huku kwetu njia ilikuwa fupi zaidi. Rupia ilikuwa na fedha zaidi ya asilimia 90, florini ya 1920 nusu, shilingi ya 1921 robo, na kuanzia ya 1948 hakuna fedha kabisa. (Ajabu ni kwamba neno letu bado ni lilelile, fedha, hata kwa pesa za kwenye simu.) Shilingi yoyote ya kati ya 1921 na 1946 ina uzito wa gramu 7.8 hivi, kwa hivyo fedha iliyomo haifiki gramu 2. Uliza bei ya gramu kwa sonara, upige hesabu. Hapo umejua sarafu ina thamani gani hata ikiyeyushwa.

Zaidi ya madini, bei hutegemea zimebaki ngapi, ziko katika hali gani, na nani anazitaka. Usiisugue kwa majivu wala stili waya ing'ae. Ukisugua umeitoa bei. Ukitafuta bei mtandaoni, angalia zilizouzwa kwenye minada, si bei ambayo mtu ameandika tu. Na ile arobaini ya Kibaki ilitolewa mwaka 2003 Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru. Watu wengi waliiweka, ndiyo maana kila mtu anayo.

Kuna na sheria. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Rupia ya 1888 inaweza kuingia humo. Ukiikuta sarafu ardhini, iache palipo uwaite Makavazi. Mwaka 2013 watafiti walipata kisiwani Manda, Lamu, sarafu ya China ya miaka ya 1403 hadi 1425, nayo ina tundu la mraba. Uzito wake ni pale ilipopatikana. Ingeuzwa sokoni kimyakimya, ingekuwa kipande cha chuma tu.

Turudi kwa mnunuzi wako. Hapa Kitengela hununui ploti bila kufanya sachi ofisi ya ardhi, basi naye mfanyie sachi. Mnunuzi wa kweli huiona sarafu kwa macho, kisha yeye ndiye anayekulipa. Kupokea pesa kwa simu hakuhitaji PIN yako, wala hakuna ada ya "kufungua" malipo. Mkutane mahali penye watu, na usiachilie sarafu kabla ya kuangalia salio lako mwenyewe, maana ujumbe wa kupokea pesa unaweza kughushiwa.

Kama tayari umetuma, usingoje kesho. Piga namba yetu ya huduma iliyo ndani ya programu, si uliyopewa na "mnunuzi". Tunaweza kuzuia pesa ikiwa bado ziko kwa aliyepokea, na mara nyingi hutolewa ndani ya dakika chache. Usifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo ya WhatsApp. Nenda nayo kituo cha polisi, uandikishe, uchukue namba ya OB.