Je, Buru ni sayari ya miamba?

*Mwanangu wa sekondari ananiambia kuwa mwaka 2019 Kenya iliipa nyota moja jina la Kalausi, na sayari yake Buru. Je, Buru ni mwamba kama Dunia? Waliipimaje bila kufika huko?*
*Mama, Milimani, Kisumu*

Mama, majina hayo ni ya kweli, ila Buru ni ya gesi. Uzito wake unazidi wa Dunia zaidi ya mara 100. Mwamba haufiki huko.

Buru huizunguka Kalausi kwa takriban siku 3, ikiivuta na kuiyumbisha. Nyota ikitusogelea, mwanga wake huelekea bluu. Ikirudi nyuma, huelekea nyekundu. Hapo ndipo uzito hupatikana, tena kiwango cha chini tu, maana hatujui mzunguko umelala vipi.

Kutambua mwamba kunadai pia ukubwa, unaopimwa sayari inapopita mbele ya nyota na kupunguza mwanga wake. Gawanya uzito kwa ujazo: Dunia ni gramu 5.5 kwa kila sentimita ya ujazo, Mshtarii 1.3. (Ubishi hauishi hapo: chuma kingi na maji vikichanganyika vinaweza kuiga mwamba.)

Mwanao ajaribu hesabu hiyo kwa vipimo vya Kepler-10b, sayari ya miamba iliyotangazwa mwaka 2011. Akikwama, amwone mwalimu wa fizikia.